H ni ya Homa Bay

Ndugu zangu, leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya benchi zima la wagonjwa.

Ninaandika haraka kwa sababu mbili. Kwanza, ni Ijumaa na jua linashuka. Sabato ikiingia sitashika kalamu kwa mambo ya namna hii. Pili, Mama Perez alikuwepo. Mnamjua mke wangu. Kesho, kabla hatujamaliza wimbo wa kwanza, akina mama wote wa Suna watakuwa na habari kamili, pamoja na nyongeza. Afadhali mzipate kwangu.

Habari ya kidole changu mnaijua. Kidole gumba, mguu wa kulia. Wiki hii kimevimba kikang'aa kama kimepakwa mafuta, na shuka ikikigusa tu naita jina la Bwana. Juzi kuku alikikanyaga, nikatamka neno la Kijaluo ambalo sikujua kama bado nalikumbuka. (Nimeshatubu. Kuku naye nimemsamehe.)

Lakini maumivu niliyaweza. Kilichonitisha ni kingine. Mnamkumbuka yule jirani yetu wa karibu na soko? Naye alianza hivi hivi, kidole tu. Kumbe ilikuwa sukari. Alienda hospitali na miguu miwili, akarudi na mmoja. Wiki nzima nikikitazama kidole namwona yeye. Na kesho ni Meza ya Bwana. Tangu nibatizwe sijawahi kukaa kando ndugu wakioshana miguu kabla ya mkate. Mwenzangu wa kesho ni Mzee Yohana, tulishapangana. Nikawa najiuliza, robo mwaka ijayo nitamletea Yohana miguu mingapi?

Basi jana nikajikokota hadi maabara moja pale Migori mjini. Nikatolewa damu, nikasubiri, nikapewa karatasi. Mtaalamu akasema, "Peleka kwa daktari, Mzee," akaita mwingine.

Nikaisoma nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Mistari mitatu. Wa kwanza ni sukari, na kando yake herufi N. Wa pili ni figo, N tena. Wa tatu ni kitu kinaitwa yuriki asidi, na kando yake herufi H, imezungushiwa duara la wino mwekundu.

Mtu mwenye akili angeuliza. Dirisha lilikuwa wazi na mtaalamu alikuwa palepale. Lakini ndugu zangu, mnanijua. Mimi niliyewafasiria unabii, wanyama na pembe zao zote, nikaulize maana ya herufi moja? Nikaikunja karatasi nikaenda nyumbani.

Nyumbani niliketi na Mama Perez, tukaomba, kisha nikaanza kufasiri. Asidi naijua, ni ile ya betri ya gari. Imeingiaje katika damu yangu sikujua, lakini niliacha hilo kwanza. Nikaanza na N. Sukari hainisumbui, figo hazinisumbui. Kwa hiyo hizo zinarudishwa nyumbani. N ni Nyumbani. Mnaona inavyokaa vizuri?

Ikabaki H.

"Labda ni homa," alisema Mama Perez.

Nikamwambia homa sina, anishike shingo aone.

"Basi ni hatari."

Hapo nilimweleza kwa upole kwamba wataalamu hawaandiki maneno ya kutisha wagonjwa. Kisha ikanijia. Mnakumbuka kabla wilaya yetu haijakatwa ikawa peke yake? Kila jambo kubwa lilikuwa Homa Bay. Kitambulisho, Homa Bay. Kesi, Homa Bay. Mgonjwa akizidi, watu walisema neno moja tu: apelekwe Homa Bay. Nikamwambia mke wangu, H ni ya Homa Bay.

"Una hakika, Baba Perez?"

"Ingekuwa Kisii wangeandika K."

Hoja ya K ilimshinda kabisa. Lile duara jekundu nilikuwa nimeshalifasiri pia, lakini hilo nilibaki nalo moyoni. Niliona ni alama ya mahali pa kukata.

Leo asubuhi nilijiandaa kama mtu anayekwenda kukaa. Blanketi, beseni, sabuni, sufuria ndogo, kitabu cha nyimbo. Mama Perez akapika ugali na omena, dagaa wetu wa ziwani, maana wiki hii nilikuwa katika mfungo wa kujiandaa kwa Meza (bila chakula wala maji mchana kutwa, na jioni nafungua kwa omena na supu yake), na safari haiendi na tumbo tupu. Akajaza omena nyingine kwenye mkebe ili huko wadini nisipate shida. Mguu wa kushoto nikavaa kiatu cha kanisani. Wa kulia haukuingia popote, nikauvika akala ya tairi. Koti juu, tai shingoni.

Majirani walikuja kuniaga. Nikamweleza mmoja ndama aachiwe maziwa kiasi gani na nani amkamue mama yake. Nikaomba na wote. Mama mmoja alilia.

Tulifika Homa Bay jua likiwa bado halijakali. Tukaelekezwa benchi la wenye majibu ya maabara, nje ya chumba cha daktari. Kushoto kwangu aliketi mwanamume mwenye kofia ya kufuma, na Mama Perez hakupata nafasi, akasimama kando yangu na beseni kichwani. Mbele yetu palikuwa na mama mmoja kutoka kisiwa cha Mfangano, mchuuzi wa samaki, mwenye sauti ya kuita mashua.

Yule wa kofia alitazama blanketi, akatazama beseni, akaniita mzee kwa Kijaluo chetu.

"Jaduong', umeshalazwa ama unahama?"

"Bado. Nimeandikiwa Homa Bay," nilimjibu.

"Umeandikiwa na nani?"

Nikafungua karatasi, nikamwonyesha H yangu. Akaitazama kwa heshima. Kisha akachomoa yake mfukoni. Alikuwa na N tupu, kutoka juu hadi chini.

"Sasa hii yangu ni nini?"

Ndugu zangu, hapa ndipo ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Lakini mtu alikuwa amenigeukia na macho ya kutaka kujua, na mimi nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu.

"N ni Nyumbani," nilimwambia. "Mshukuru Mungu, ndugu yangu. Huna jambo."

"Hata daktari simhitaji?"

"Si wameshakuandikia?"

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema tumbo limemsumbua tangu mwezi jana lakini sasa hata linaonekana limetulia. Akaweka kofia sawasawa, akaenda zake. Nikahisi furaha ile ya mtu aliyefanya kazi ya Bwana kabla ya chai ya saa nne.

Mama wa Mfangano alikuwa amesikia kila kitu.

"Jaduong', nisomee na mimi."

Yake ilikuwa L.

L sikuwa nayo. Nawaambia ukweli, katika kufasiri kwangu kote jana L haikujitokeza. Lakini benchi zima lilikuwa likinisubiri. Nikafumba macho kidogo. (Walidhani naomba. Nami nilidhani naomba.)

"L ni Lazwa," nikasema.

"Yawa! Na samaki wangu nimewaacha huko chini ufukoni na mtu?"

Nikamfariji. Nikamwambia samaki ni wa Mungu na uhai ni wa Mungu. Nikaona hana hata shuka, nikampa blanketi langu. Akalibeba begani, akaenda kutafuta wadi, huku akiuliza kila aliyepita kitanda cha L kiko wapi.

Baada ya hapo karatasi zikaanza kunijia kutoka pande zote. Mama Perez alinivuta koti.

"Baba Perez, wacha."

Sikuacha. Niliwarudisha nyumbani wengine wa N, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na baraka. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye H kama mimi, nikamwambia, wewe umeshafika, tulia hapa. Akashukuru sana. Kumbe alitoka Homa Bay hapohapo, nyumba ya pili kutoka hospitali.

Mlango ukafunguliwa. Daktari akatoka, mtu mwembamba, mpole, miwani kwenye paji la uso. Akaita jina. Kimya. Akaita la pili. Kimya. Akaita jina la mama wa Mfangano. Akatazama benchi, akatazama tena.

"Watu wangu wameenda wapi?"

Mtu mmoja alimjibu kwamba wale wa N wamepewa ruhusa.

"Na nani?"

Hawakutaja jina. Walinionyesha kwa midomo. Benchi zima, midomo yote upande mmoja, kwangu.

Daktari alinitazama kuanzia tai hadi akala. Nilidhani atanifokea. Badala yake alinyoosha mkono, akasema, "Lete yako, Mzee."

Nikampa. Niliona sasa saa ya mguu wangu imefika. Akashusha miwani, akasoma, akaweka kidole kwenye ile herufi yenye duara.

"Mzee, hii H ni hai."

Ndugu zangu.

Hai! Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa msumeno, nikaambiwa hai! Nilisahau kidole, nikasimama kwa miguu yote miwili, nikaligeukia benchi, nikainua karatasi juu.

"Bwana asifiwe! Nilikosea, ndugu zangu. H si Homa Bay. H ni hai! Nimeandikiwa uhai!"

"Amina!" wakaitikia. Yule mzee mwenzangu wa H alisimama akanikumbatia, tukashukuru pamoja huku machozi yakinitoka. Mama mmoja akaanza wimbo.

Ndipo mtu wa mwisho wa benchi, aliyekuwa akikohoa tangu asubuhi, akauliza swali lake polepole.

"Na sisi ambao hatuna H?"

Wimbo ukakatika. Watu wakaanza kutazama karatasi zao. Mama Perez alishusha beseni kutoka kichwani, akajifunika nalo uso.

Daktari alingoja. Nadhani alikuwa anang'ata shavu kwa ndani.

"Hai ya Kiingereza, Mzee," alisema. "Maana yake juu. Asidi yako imepanda juu. L ni chini. N ni kawaida."

"Homa Bay haimo?"

"Homa Bay haimo."

"Nyumbani je?"

"Nyumbani pia haimo. Keti, Mzee, usije ukaanguka."

Niliketi. Sikuweza kutazama mtu. Lakini swali langu kubwa lilikuwa bado halijajibiwa, na aibu ikishafika kiwango fulani haina pa kuongezeka, kwa hiyo nikauliza hapohapo mbele ya wote: mguu mtaukatia wapi, gotini au juu yake?

Daktari akacheka kwa mara ya kwanza, kisha akaona uso wangu, akaacha. Akachuchumaa mbele yangu. Akakitazama kidole bila kukigusa (Mungu ambariki kwa hilo peke yake). Akasema hakuna mtu wa kukata mguu huu. Sukari yangu ni sawa, figo ni sawa. Hii asidi si ya betri. Kila mtu anayo, ni takataka ya chakula na ya mwili wenyewe, na figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi damuni, nyingine hugeuka chembe ngumu, ndogo kama sindano, zikaenda kukaa kwenye kiungo, na hupenda sana kidole gumba cha mguu. Akaniambia pia kwamba herufi peke yake haitoshi. Wako watu wenye H wasioumwa kitu maisha yao yote, na wako wanaoumwa siku ambayo karatasi yao ina N. Ndiyo sababu majibu husomwa pamoja na mgonjwa.

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya kufika benchi lote.

Akaniingiza chumbani kwa maswali, na Mama Perez nyuma yangu. Mlango ule haufungi vizuri.

"Busaa unakunywa, Mzee, au pombe yoyote?"

Nje pakawa kimya kama kanisani wakati wa sadaka.

"Mimi ni mzee wa kanisa," nikasema.

"Sijauliza cheo."

"Busaa hanywi," Mama Perez alimjibu. "Omena ndiyo anakunywa."

Akafungua mkebe, akaweka mezani kama ushahidi. Akaendelea, maana alikuwa ameanza. Akaeleza omena asubuhi, omena jioni na supu yake hadi sufuria ing'ae. Akaeleza matanga, jinsi siku hizi hazipiti bila mimi kuitwa kuzika, na jinsi mhubiri anavyotengewa sahani ya ini na matumbo, na jinsi mhubiri huyu asivyopenda kuwavunja moyo waliomtengea. Akaeleza mfungo usio na maji.

Daktari aliandika, akaandika. Kisha akasema vyote alivyotaja mama ni mafuta kwenye moto huo. Omena ipungue sana, ini na matumbo niyaage, maji ninywe mengi, dawa nimeze baada ya chakula, na nirudi damu ipimwe tena.

"Na mfungo?" niliuliza.

"Funga chakula kwa kiasi, lakini maji kunywa. Sidhani Mungu ana ugomvi na maji."

Nikalitafakari. Sikupata andiko la kumpinga.

Nilidhani yamekwisha. Akavua miwani, akasema, "Sasa, Mzee, nirudishie wagonjwa wangu."

Muuguzi alijitolea kwenda, lakini niliona si haki. Nikatoka mwenyewe, kiatu kimoja na akala moja, tai shingoni, nikichechemea ndani ya uwanja wa hospitali kutafuta kondoo niliowatawanya. Benchi lilinisindikiza kwa macho.

Wengi nilimkuta muuguzi wa langoni ameshawazuia. Yule wa kofia nilimpata kwenye kibanda cha chai, anakula mandazi ya kushangilia. Nikamwambia arudi, daktari anamwita.

"Kwani nimebadilishiwa herufi?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akamalizia chai, akashika tumbo. "Nilijua," akasema. "Lilianza tena kwenye mandazi."

Mama wa Mfangano alikuwa wadini. Amelala kitandani, viatu chini, blanketi langu hadi kidevuni, anabishana na wauguzi wawili. Alikuwa anawaambia hatoki, ameandikiwa L na mtumishi wa Mungu. Mtumishi wa Mungu akaingia akichechemea. Ilinibidi nimwambie mbele ya wadi nzima kwamba L ni chini, kwamba daktari amesema damu yake imepungua kidogo na atapewa vidonge, na kwamba kitanda si chake.

Akaketi, akavaa viatu, akakunja blanketi vizuri, akanirudishia.

"Asante kwa blanketi, Jaduong'," alisema. "Lakini kusoma, muachie mwenye miwani."

Kisha akauona mkebe mkononi mwa Mama Perez. Akaunusa. Akasema hii omena ni ya kwao kabisa, na kwa kuwa mimi nimekatazwa na yeye amepotezewa asubuhi ya soko, haki ni nani aichukue? Mama Perez alimpa bila hata kunitazama. Mkebe pia.

Tulipopita benchi kutoka nje, yule wa kikohozi alinipungia. "Safari njema, Jaduong' H." Wote wakaitikia Amina.

Sasa niko nyumbani, kidole kiko kwenye mto, birika la maji kando yangu. Yule mama aliyelia asubuhi amepita, ameniona, ameonekana kama mtu aliyedanganywa. Ndama amenyonya maziwa yote. Lakini ndugu zangu, nimeitazama miguu yangu miwili hapa, mmoja mwembamba na mmoja mnene, na nimemshukuru Mungu kwa kila mmoja kwa jina lake.

Daktari alisema kesho naweza kuoshwa, mradi nisiminywe. Kwa hiyo Mzee Yohana, hili ni lako. Mguu wa kulia pitishia maji tu, usisugue. Na kama ni lazima ucheke, subiri niseme Amina.